Majina Kumi kwa Kila Kadi

Kwanza niwaombe radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la nane, na kalamu ikiwa mkononi mwangu huenda polepole sana. Nikiiharakisha, herufi h huniponyoka, na wakati mwingine hujitia mahali pasipo pake. Anayesoma na anivumilie.

Uzito huo wa mkono ndio ulioniingiza katika kazi ninayotaka kuieleza. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu karibu na Msambweni, tulikuwa na chama cha salamu. Vijana wa leo huenda hawakijui kitu hicho. Mtu alichukua kadi iliyochapwa mistari, akaandika jina lake na majina ya watu anaowasalimu, akaongeza ujumbe wa mstari mmoja, kadi ikapelekwa posta mpaka redioni. Jumapili alasiri mtangazaji alizisoma. Wenzetu walicheza bao au mpira. Sisi tulisalimiana, na tuliona raha kubwa kumsikia mtu wa mbali akilitamka jina la jirani.

Mwenyekiti wetu alikuwa fundi wa baiskeli. Siku moja aliliona daftari langu nilipokuwa nanakili dua, akaliinua juu na kuwaonyesha wenzake.

"Tazameni. Huyu binti anaandika kama anayechonga mlango. Herufi zake utazisoma hata bila miwani. Karani tumempata."

Sikutaka. Lakini kukataa kulihitaji kusema, na kusema mbele ya watu nilikuwa siwezi. Nilitazama chini, wakadhani nimekubali, wakapiga makofi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea. Kadi zilitiwa ndani ya mkebe wa biskuti pale karakana ya fundi. Kila Jumamosi jioni niliuchukua mkebe, nikazikagua kadi, nikazitia katika bahasha moja, na Jumatatu asubuhi nikaipeleka posta ya Msambweni. Masharti ya redio yalikuwa machache. Majina yasizidi kumi kwa kila kadi. Upande wa nyuma usiandikwe. Ujumbe uwe mstari mmoja. Niliyaandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha katoni nikakibandika ukutani, hapo zilipotundikwa spoku na tairi za ndani. Kila mwanachama aliyekuja alisimama, akasoma, akasema, "Mashaallah, mwandiko!" Kisha akakaa kwenye benchi na kuandika majina ishirini na sita.

Walikuwa na sababu, tena kila mmoja yake. Fundi alikuwa na wakwe wengi na alimwogopa kila mmoja wao. Alijaza mistari yote kumi, akaandika "endelea nyuma", na nyuma akajaza mpaka pembeni. Mke wake alikuwa na dada mapacha, naye aliwahesabu kuwa jina moja. Nilipomwonyesha kwa kidole alisema, "Walizaliwa siku moja, mwanangu. Utawatenganishaje leo?"

Mwingine alikuwa kijana aliyefanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani. Wageni walipopungua miaka ile, alipunguzwa naye, akawa anashinda karakanani. Yeye aliandika majina ya wenzake wote wa hotelini, waliobaki na waliofutwa.

"Usiwe na presha, sista," aliniambia. "Mtangazaji ni mtu wa watu. Akiona ni mapenzi tu, atasoma."

Wa tatu alikuwa mkulima wa kutoka bara, mwenye shamba upande wa skimu ya makazi, aliyekuja kwa baiskeli kila Ijumaa na gunia la mahindi likiwa limefungwa nyuma. Kanisani kwao alikuwa kiongozi wa kwaya. Kadi yake ilikuwa kwaya nzima, watu ishirini na wawili, wamepangwa kwa sauti zao.

"Ami, ni kumi tu," nilimnong'oneza siku moja. Sauti ilinitoka kidogo sana hata akainama anisikie.

"Karani, wewe huijui kwaya," alisema. "Nikimtaja wa soprano nimwache wa besi, Jumapili nitasimama wapi?"

Mimi nilirudi nyumbani na mkebe, nikazitia kadi katika bahasha jinsi zilivyokuwa. Sikuwa na moyo wa kumrudishia mtu mzima kadi yake. Matokeo yake, kwa miezi mingi hatukusomwa hata mara moja. Jumapili tulikaa kuizunguka redio ya fundi, tukasikiliza salamu za watu wa Vanga, za Kinondo, za miji ya mbali huko bara, na zetu hazikuja. Wanachama wakaanza kunitazama mimi.

"Labda karani anasahau kubandika stempu," alisema mmoja. Niliinamisha kichwa, macho yakanichoma.

Halafu Jumapili moja, baada ya mvua kubwa zile zilizoharibu barabara, mtangazaji alicheka hewani, akasema: "Sasa kuna hawa ndugu zetu wa Msambweni. Bahasha zenu tunazipata. Lakini jamani, hizi ni salamu au ni daftari la wapiga kura? Safari hii nasema mara ya mwisho. Ikija tena hivi, bahasha nzima tutaitupa."

Nilijua sasa watanielewa. Nilikosea. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Tumetajwa!"

Walipeana mikono. Kijana wa hoteli alikimbia mpaka dukani kuwaambia waliokosa kusikia. Mkulima alipofika Ijumaa alisimuliwa habari hiyo mara tatu, naye akasikitika kwamba betri zake zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyekumbuka tulitajwa kwa neno gani.

Ningewaacha wafanye wapendavyo, nami nikae na fedheha yangu, kama si Bi.

Bi alikuwa mama wa makamo aliyeuza viazi vya karai mbele ya karakana. Alikuwa mwanachama tangu mwanzo, alichangia stempu kila alipoombwa, lakini hakuwahi kutuma kadi hata moja. Mwezi wa Shaabani, fundi akiwa ameenda kusali adhuhuri, aliniita nyuma ya jiko lake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe husemi sana, ndiyo maana nataka uniandikie wewe."

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, aliyeolewa Vanga. Mama yao alipofariki, siku ya hitima, kulitokea maneno juu ya sanduku la kanga za marehemu. Binamu yao mmoja alitoka chumba hiki akaingia kile, akibeba ya huyu na kumpelekea yule, akiongeza chumvi njiani. Mwisho wake Bi alimtukana mdogo wake mbele ya watu wote waliokuja kuomboleza, na mdogo wake akachukua mtoto wake akaondoka bila kunywa maji. Ilikuwa mwaka wa nne sasa hawajaonana. Mara mbili alituma mtu, na mara mbili mtu alirudi bila jibu.

"Mfungo unakuja," alisema. "Sitaki kuuingia mwaka mwingine na jambo hili. Nimeambiwa Jumapili hakosi hicho kipindi."

Nilikusanya nguvu nikauliza, "Mbona usiende mwenyewe, Bi?"

Aligeuza viazi kwenye mafuta, kimoja kimoja, kabla ya kunijibu. "Nilimtukana mbele za watu. Na radhi niiombe mbele za watu. Nikienda mlangoni kwake usiku usiku kama mwizi, hiyo si radhi."

Tuliandika pale pale. Jina la mdogo wake, mstari wa kwanza. Nikamuuliza jina la pili.

"Hakuna la pili. Huyo tu."

Ujumbe ulikuwa huu: Mdogo wangu, nilikukosea, nyumba hii ni yako. Niliuandika kwa mwendo wangu, na Bi aliyatazama maneno yakitoka moja moja ingawa hakujua kusoma. Kadi nikaitia katika mkebe kwa mkono wangu. Ilikuwa Jumatano. Bahasha ya Jumatatu ndiyo ingesomwa Jumapili ya mwisho kabla ya mwezi kuandama. Baada ya hapo ungekuwa mfungo.

Usiku wa Jumatano ile nilikaa nikiwaza. Kadi ya Bi ilikuwa safi. Lakini ingekwenda ndani ya bahasha moja na kwaya, na wakwe, na hoteli nzima, na bahasha ya namna hiyo redioni walikwisha sema wataitupa nzima. Alhamisi nilikwenda karakanani nikiwa nimejifunza maneno yangu njia nzima. Nilisimama mbele ya kile kipande cha katoni.

"Safari hii ni kumi," nilisema. "Tafadhalini. Kumi kweli."

"Kumi, karani, kumi," alisema fundi, mikono imejaa grisi. "Wala usijali. Hata mimi naliwaambia hawa."

Kijana wa hoteli aliinua mkono kama anayekula kiapo. Niliondoka nimefurahi. Sikuwahi kusema maneno mengi vile pale.

Jumamosi jioni niliuchukua mkebe. Jumapili asubuhi, baada ya kufagia, nilitandika mkeka barazani nikaufungua. Kadi ya juu kabisa ilikuwa ya fundi, na ilikuwa na majina kumi. Kumi hasa! Ya kijana wa hoteli, kumi na moja. Niliona kama ndoto. Ya mkulima ilikuwa na kwaya yote kama kawaida, na nyingine nne au tano zilikuwa vile vile, lakini mwenyekiti mwenyewe alikuwa ametii.

Kisha nikaifikia kadi ya Bi.

Mstari wa kwanza ulikuwa na mwandiko wangu. Kuanzia wa pili palikuwa na wakwe wa fundi, kwa mwandiko wake wa kalamu ya risasi, na chini yao, hadi wa kumi, watu wa kijana wa hoteli. Ndiyo kutii kwao. Kadi zao zilipojaa walitazama ndani ya mkebe, wakaona kadi yenye mistari tisa mitupu, wakaona ni kama sahani ya wali iliyoachwa, wakaimaliza. Kwao haikuwa dhambi. Kwetu huku nafasi ya salamu haitupwi.

Lakini jina la mwisho, mstari wa kumi, kijana wa hoteli alikuwa amemwandika shangazi yake. Nilimjua huyo shangazi. Ndiye binamu yake Bi, yule aliyebeba maneno siku ya hitima.

Niliwaza huyo mdogo mtu kule Vanga, amekaa karibu na redio, anasikia jina lake, halafu la binamu, katika kadi moja, kutoka kwa dada yake. Angeona amechekwa nchi nzima ikisikia.

Katika mkebe mlikuwa na kadi mpya kumi na sita. Za kuandikwa zilikuwa kumi na nne. Sikuwaza sana, kwa sababu ningewaza nisingefanya. Nilianza na ya Bi. Jina moja, ujumbe mmoja, na mistari tisa iliyobaki nikaipiga mstari kwa rula ili asiingie mtu. Kisha nikachukua za wengine. Kila mmoja nilimpa majina yake kumi ya kwanza. La kumi na moja nililiacha. Sikumwuliza mtu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko kulima. Kadi moja ilinichukua muda wa kuchemka birika la chai. Nilipofika kwa kwaya, kumi wa kwanza walikuwa soprano wote na alto wawili, na besi hata mmoja hakuingia. Nilimwona mkulima amesimama peke yake kanisani, nikaendelea. Kadi mbili niliziharibu kwa wino. Mama alipita na ndoo ya maji, akapita tena kurudi, akasimama.

"Mwanangu, unanakili msahafu mzima?"

"Hapana, mama. Salamu."

"Salamu gani za kukutoa jasho?"

Adhana ya alasiri ilipolia nilikuwa nimemaliza. Kadi yangu mwenyewe sikuandika, kwa kuwa kadi mpya zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo sijawahi kuwa na ujasiri wa kulisikia jina langu redioni. Jumatatu nilikuwa mtu wa kwanza posta. Bahasha ilipodondoka ndani ya sanduku nilitamani niingize mkono niitoe.

Wiki hiyo sikupita karakanani. Nilizunguka kwa njia ya minazini kama mwenye deni. Lakini Jumapili ilipofika sikuweza kukaa nyumbani. Nilikaa nyuma ya wote, karibu na jiko la Bi, ambaye siku hiyo alikuwa amezima moto ili asikie vizuri.

Mtangazaji alisema: "Eh! Ndugu zetu wa Msambweni wametuletea bahasha, na leo mmetuheshimu. Tunasoma."

Akasoma. Akasoma kadi ya fundi, na wakwe kumi. Fundi alikuwa amefumba macho akihesabu kwa vidole. Akasoma hoteli, akasoma soprano. Watu walipiga kelele kila jina, mpaka baadhi ya majina yakapotea ndani ya kelele. Kisha fundi akafumbua macho.

"Mbona mama mkwe hakutajwa?"

"Na mimi watu wangu wa jikoni wameachwa!" alisema kijana wa hoteli.

"Huyu mtangazaji anaruka majina," alisema fundi kwa uchungu. "Anajisomea anavyotaka. Uvivu huo."

Nilitaka ardhi ipasuke. Na hapo ndipo ilipokuja kadi ya Bi. Mtangazaji alilisoma jina la mdogo wake na ujumbe. Kisha akasema, "Ni hilo tu, wasikilizaji. Jina moja," akaenda kwa kadi nyingine. Bi alichukua upawa, akaufuta kwa kanga yake, ingawa haukuwa mchafu.

Jumatatu haikuleta kitu. Jumanne baada ya adhuhuri, mwezi ukiwa bado haujaandama, tulikuwa pale, fundi, kijana wa hoteli, mimi, na mkulima, ambaye alikuja siku isiyo yake kwa sababu alikuwa na malalamiko. Mwanamke mmoja aliyevaa buibui alishuka kwenye gari la abiria lililotoka upande wa Vanga, limejaa matope hadi madirishani, akavuka barabara na kikapu chake. Bi aliinua kichwa. Upawa ulianguka ndani ya mafuta.

Sitaandika walivyolia, kwa kuwa mimi sikutazama. Niligeuka. Nilipogeuka tena, mdogo mtu alikuwa amekalishwa kwenye benchi letu, na Bi anampepea.

"Niliposikia jina langu," alikuwa akisema, "nilimshika mume wangu mkono. Nikamwambia ngoja, sasa atamtaja na yule. Watawekwa pamoja wote waliokuwapo siku ile. Nikangoja la pili. Nangoja, nangoja. La pili halikuja, dada."

"Lingetoka wapi?" alisema Bi. "Mimi nilikuandikia wewe."

Nilimwona kijana wa hoteli anafungua mdomo. "Lakini mimi nili…" Akaufunga. Akamtazama fundi. Fundi alimtazama yeye, kisha wote wawili polepole wakanitazama mimi.

Nilisimama, kwa sababu nikiwa nimekaa nisingeweza kusema.

"Ni mimi," nilisema. "Nilizinakili kadi zote upya. Majina yaliyozidi kumi niliyakata. Ya Bi niliyafuta yote yaliyoongezwa. Mtangazaji hakuruka jina la mtu."

Bi ndiye aliyeelewa upesi.

"Yaliyoongezwa? Nani aliandika kwenye kadi yangu?"

"Mistari tisa, Bi," alisema fundi, akisogea nyuma. "Mitupu kabisa. Tuliona inaoza."

"Na nyumbani kwangu pana chumba kitupu. Utahamia?"

Mdogo mtu alianza kucheka, machozi bado yako usoni, na kicheko hicho kikatushika wote. Kijana wa hoteli alimwomba Bi radhi, akamwomba na mgeni, akapewa kiazi cha moto mkononi akakirusha huku na huku. Mkulima peke yake hakucheka. Alinisogelea.

"Kwa hiyo waliokata besi si redio. Ni wewe, karani."

"Ndiyo, ami. Waliozidi kumi wote."

"Jana wamenipita barabarani hawakunisalimu." Akafikiri. "Basi safari ijayo anza na besi. Soprano wamekwisha sikika."

Nilikaa chini. Nilikuwa mwepesi kama niliyetua kuni kichwani baada ya safari ndefu, na kiazi nilichopewa nilikimaliza bila kujua nimekula.

Nisiseme uongo kwamba walibadilika. Baada ya Idi fundi alileta kadi yenye majina kumi na manne. Safari hiyo sikuitia ndani ya mkebe. Nilimrudishia mkononi, nikamwambia, "Ami, chagua," na nikangoja. Aliguna, akalaani, akakata mmoja mmoja mbele yangu, akiomba msamaha kwa kila anayemkata. Chama kiliendelea hivyo miaka miwili zaidi, na wengi wetu tulisomwa.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalipatia jibu. Nilikata majina ya watu bila ruhusa ya wenyewe, na wapo waliongoja redioni siku ile wasisikie kitu. Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa katika chama cha namna hii, au uliwahi kuachwa nje ya kadi ya mtu, niandikie unieleze ungefanyaje. Andika hata ukurasa mmoja. Nitausoma wote, na nitakujibu, ila usiwe na haraka nami.